Shokapu ya nyuma ya pikapu imekatika: ununue ya mtumba, ya oili, ya gesi au ya mrija mmoja?

Utingo wangu ndiye aliyeiona kwanza. Tulikuwa tunashuka na viazi kutoka vijiji vya Kilolo kwenda Iringa mjini, Hilux imekaa chini nyuma kwa lumbesa, na kila tulipopita kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi ulisikika mlio upande wa kushoto: ko, ko, ko. Niliposimama akajilaza chini ya bodi, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope. "Mzee, shokapu imeachia chini." Jicho la chini, ile pete inayoshika bolti ya kwenye ekseli, lilikuwa limechanika. Mwili wa shokapu ulibaki unaning'inia kutoka kwenye chesisi, umepakaa tope jeusi la oili na vumbi.

Kesho yake nikasimama mbele ya kaunta ya duka la spea, na kijana akaniuliza swali ambalo kila mwenye pikapu huulizwa: "Kaka, nikupe ya oili au ya gesi? Au ya mtumba ya Japani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimefunga aina zote nne nitakazozieleza hapa kwenye gari lilelile, na nimeona wenzangu wakipoteza hela kwa kununua ghali wasiyoihitaji, au rahisi isiyowafaa. Ningependa wewe uende kaunta ukiwa na jibu lako.

Jambo moja tulimalize kabla ya yote: shokapu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi baada ya kupokea kipigo, isiendelee kudunda. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupita kwenye vitundu vidogo. Oili inagoma kupita haraka, na ile nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Kwa hiyo gari lako likilala nyuma ukipakia tani moja, usikimbilie shokapu ngumu. Tazama springi, na tazama mizani.

Kwanza, ni shokapu kweli?

Mlio wa nyuma una wazazi wengi. Yu-bolti zilizolegea hugonga. Bushi za springi, zile raba za kwenye bolti zake, zikiisha hugonga. Pleti ya springi iliyokatika hugonga, tena hujificha vizuri katikati ya wenzake. Nimewahi kuhangaika siku nzima na mlio ambao mwisho wake ulikuwa tairi la spea lililolegea chini ya bodi. Lala chini uone kwa macho yako kabla hujafungua mfuko.

Shokapu yenye ukungu mwembamba wa oili karibu na sili (ile raba inayozuia oili isitoke), umeshika vumbi kidogo, bado ni nzima. Rodi, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, hutoka na utando wa oili kila inapopanda, na utando huo ndio unaoilainisha sili. Lakini ukiona oili imetiririka mpaka chini, au umeifuta leo na kesho imelowa tena, sili imekwisha. Angalia rodi kama imepinda au ina vidoa vya kutu, maana kila kidoa ni msumeno kwa sili. Shika mwili uutikise kwa nguvu. Ukicheza kwenye bolti, bushi zimekufa, na pengine bushi peke yake ndiyo iliyokuwa inakupigia kelele.

Mafundi wengi hukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu inadunda mara ngapi. Kwa gari dogo la abiria kipimo hicho kinasema kitu. Kwa pikapu tupu yenye springi za pleti hakisemi mengi: springi ni ngumu kiasi kwamba uzito wa mtu mmoja hauitikisi vya kutosha, na shokapu iliyokufa inapita mtihani kama nzima. Kipimo ninachokiamini ni cha joto. Endesha dakika 10 hadi 15 kwenye barabara mbovu, simama mahali salama, kisha sogeza mkono taratibu karibu na mwili wa kila shokapu, mbali na bomba la moshi. Usiishike ghafla, inaweza kuunguza. Iliyo hai ina joto. Ukikuta ya kulia ina joto na ya kushoto imepoa kama jiwe la kivulini, ya kushoto haifanyi kazi yoyote hata kama kwa nje inang'aa.

Tairi nalo ni shahidi. Pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kulifuata duara lake. Ukikuta mabonde ya hapa na pale, kama ubao uliochongwa kwa patasi butu, tairi limekuwa linarukaruka badala ya kushika barabara. Na breki huongopa pia: tairi lililo hewani halifungi gari, hivyo gari lenye shokapu mbovu huhitaji masafa marefu zaidi kusimama kwenye barabara mbovu, na mkia huteleza pembeni kwenye kona za vumbi.

Kilichoikata ndicho kitakachokata na mpya

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Shokapu ya kwanza niliyofunga baada ya ile kukatika haikumaliza miezi miwili. Ikachanika palepale, jicho la chini. Nikamlaumu muuzaji. Kumbe miezi kadhaa nyuma fundi alikuwa ameniongezea pleti kwenye springi na kuweka vishikio virefu zaidi ili mkia usimame. Mkia ulisimama kweli, lakini ekseli ikawa mbali na chesisi kuliko mwanzo. Gari likiwa tupu, tairi likishuka shimoni, shokapu ilifika mwisho wa urefu wake kabla springi haijamaliza kushuka. Ikawa yenyewe ndiyo inayoizuia ekseli nzima, tairi na ngoma ya breki visishuke zaidi. Hakuna jicho litakalovumilia kazi hiyo.

Upande wa pili ni kugongeshwa chini. Pale juu ya ekseli, kwenye chesisi, kuna raba nene inayopokea kipigo springi inapobonyea hadi mwisho. Kwenye pikapu za kazi raba hiyo mara nyingi imeshapasuka au imedondoka zamani, na hakuna anayeikumbuka. Ikikosekana, pistoni ndiyo inayokwenda kupiga kitako cha shokapu. Mara nyingi jicho lililochanika linakwambia shokapu imevutwa kupita urefu wake, na rodi iliyopinda au ndani iliyovunjika inakwambia imegongeshwa.

Kwa hiyo kabla ya duka, pima. Inua chesisi mpaka ekseli ining'inie, pima kutoka bolti ya juu hadi ya chini. Urefu wa shokapu mpya ikiwa imefunguka kabisa lazima uzidi kipimo hicho kidogo. Andika pia namba ya chesisi na aina ya gari lako: Hilux ya LN106 si KUN25, wala KUN25 si GUN125, na ya kuvuta magurudumu manne huwa na kimo tofauti na ya mawili. Neno "ya Hilux" peke yake pale kaunta halitoshi.

Vigezo vya kuzipimia

Nitazipima kwa mambo matano. Joto: inafanya kazi muda gani kwenye barabara mbovu kabla haijachoka. Mtulio: gari linakaaje likiwa na mzigo na likiwa tupu, maana pikapu nyingi hurudi tupu. Kifo: inakufa polepole kwa kukuonya, au ghafla. Bei na upatikanaji: unalipa nini, na ukiwa Makambako au Tunduma utaipata? Na uhakika: kilichomo ndani ni kile kilichoandikwa kwenye boksi?

Kwa aina zote sheria ya jozi ni ileile. Badilisha zote mbili za ekseli moja. Ukiweka mpya kulia na nzee ibaki kushoto, mkia utatulia upande mmoja na kudunda upande mwingine, na ile mpya itafanya kazi ya wawili.

Ya mtumba

Hizi zimefunguliwa kwenye magari yaliyokatwa Japani au kupitia Dubai. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road mjini Nairobi, utazikuta zimepangwa kama kuni.

Joto na mtulio wake hutegemea ni aina gani ndani, lakini nyingi ni zile za kiwandani, ambazo zilipangwa kulingana na springi za gari lenyewe. Kwa mtu ambaye hajaongeza pleti, mtulio wa shokapu halisi ya kiwandani ni mzuri sana, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wa kawaida.

Kifo hakitabiriki. Hujui imetembea kilomita ngapi. Raba huzeeka hata bila kutembea, na Japani kwenye mikoa ya theluji humwagwa chumvi barabarani, kwa hiyo tafuta kutu pale jicho linapoungana na mwili. Ukiona maganda ya kutu, rudisha.

Unaweza kuipima dukani, na usione haya kufanya hivyo. Isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari. Isukume hadi chini na kuivuta mara tano au sita kwanza, kwa sababu iliyolazwa kwa miezi huwa imeingiza hewa kwenye mrija wa ndani na inaweza kukudanganya kuwa mbovu. Baada ya hapo ukinzani uwe sawa kutoka juu hadi chini. Ikiachia ghafla mahali fulani, valvu imechoka au oili imepungua. Kama ni ya gesi, ikandamize uiachie: itapanda yenyewe taratibu. Isipopanda, gesi imekwenda, au ni ya oili tangu mwanzo. Chukua mbili zinazopanda kwa mwendo mmoja.

Bei ndiyo ya chini kuliko zote za kununua, na uhakika una sura mbili: uasili wake si rahisi kughushi, ila umri wake hakuna anayekwambia. Warranti huwa ya siku chache au ya maneno tu. Inamfaa mwenye gari la zamani ambalo vipuri vyake vipya ni vya kubahatisha, anayejua kupima au ana fundi wa kumpimia, na anayetembea karibu na mji.

Ya oili, mpya

Hii ndiyo ya kale na nyepesi kwa ujenzi. Ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine: pistoni hutembea kwenye wa ndani, na oili inayozidi hupita valvu ya kitakoni kwenda kwenye mrija wa nje, ambako kuna nafasi ya hewa ya kawaida.

Joto ni udhaifu wake. Kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, oili huchanganyika na ile hewa na kufanya povu. Povu hupita kwenye vitundu bila kugoma, na shokapu inakuwa kama haipo. Utalisikia: dakika 20 za mwanzo gari limetulia, kisha mkia unaanza kucheza. Ukipumzika chini ya mwembe nusu saa inarudi kuwa nzima, na hiyo ndiyo inayowachanganya watu wakadhani gari lina mashetani.

Mtulio wake ni laini. Pikapu tupu inakaa vizuri, dereva hachoki mgongo, mayai na nyanya za kwenye matenga hufika salama. Ukiwa na tani moja nyuma unaona kabisa kwamba springi ndiyo inayoongoza.

Kifo chake ni cha polepole, na hili lina uzuri na ubaya. Haikuachi njiani. Lakini dereva huizoea kila siku kidogo kidogo, mpaka siku anapoendesha gari la mwenzake ndipo anagundua lake lilikuwa linadunda. Jambo jingine jema: jiwe likipiga mrija wa nje ukabonyea kidogo, pistoni iko kwenye wa ndani na inaendelea kutembea.

Bei ni ya chini kati ya mpya, na utaipata hata mji mdogo. Uhakika ni wa kati. Inamfaa wa mjini na lami: msambazaji wa soda, fundi bomba, mwenye kirikuu cha kubeba maji, mkulima ambaye shamba lake liko kilomita chache kutoka barabara kuu.

Ya gesi, mirija miwili

Hapa lazima niseme jambo ambalo kaunta nyingi hazilisemi. Neno "gesi" linafunika vitu viwili tofauti. Hii ya kwanza ni ileile ya mirija miwili, ila mahali pa hewa ya kawaida imewekwa naitrojeni yenye mgandamizo mdogo. Ile nyingine ya mrija mmoja nitaifikia. Jina la kampuni pekee halikutofautishii: Kayaba, kwa mfano, hutengeneza Excel-G ambayo ni ya mirija miwili yenye gesi, na Gas-A-Just ambayo ni ya mrija mmoja. Uliza aina, usiulize jina tu.

Joto inalivumilia vizuri zaidi kuliko ya oili, kwa sababu ule mgandamizo huibana oili isifanye povu haraka. Haizuii kabisa. Kwenye safari ya saa mbili za mawimbi nayo itachoka, ila itachoka baadaye na kidogo.

Mtulio wake ndio unaowafaa wengi. Gari tupu halirushi abiria, na likiwa na mzigo halipepesuki. Kwa pikapu inayokwenda imejaa na kurudi tupu, sijaona inayosawazisha hali hizo mbili kwa bei hiyo.

Ikifa, kwanza gesi hutoroka, nayo inageuka kuwa ya oili. Unabaki na shokapu dhaifu lakini bado unayo. Sili ikiisha ndipo oili inafuata. Una muda wa kujipanga.

Bei iko juu ya ile ya oili, si kwa pengo la kutisha, na miji mingi ya mkoa inazo kwa magari yanayotembea sana. Penye uhakika nina wasiwasi: kwa kuwa ndiyo inayouzika sana, ndiyo inayoghushiwa sana. Ilinganishe na nyingine ya boksi jingine. Ya kughushi mara nyingi ni nyepesi mkononi, kromu ya rodi ina mikwaruzo, na maandishi ya boksi yana makosa. Kamba inayoifunga ikikatwa, ya gesi ya kweli hujifungua yenyewe. Ikilala tu, umeuziwa oili kwa bei ya gesi. Dai risiti.

Ya mrija mmoja, gesi ya mgandamizo mkubwa

Ubunifu huu ulipata umbo lake miaka ya 1950, na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye anayetajwa kama baba yake. Kuna mrija mmoja mnene. Ndani yake, chini ya pistoni ya kazi, kuna pistoni ya pili inayoelea, na kazi yake ni kutenganisha oili na naitrojeni iliyobanwa kwa nguvu, mara nyingi kama bar 20 hadi 30.

Kwa joto ndiyo bingwa. Oili na gesi havikutani, kwa hiyo povu halipati nafasi, na oili inagusa ukuta wa nje moja kwa moja, upepo unaupoza. Wanaopeleka watalii mbugani, wanaochimba visima vijijini, wanaoishi kwenye changarawe kutwa nzima, wanajua tofauti yake kufikia saa ya tatu ya safari.

Mtulio ni mkavu. Ukiwa na mzigo gari linakaa kama limepigiliwa barabarani. Likiwa tupu, kila jiwe linakujulisha lilipo. Wako wanaoamini kwamba inaongeza uwezo wa kubeba. Ukikokotoa mgandamizo juu ya unene wa rodi unapata msukumo wa kilo 30 au 40 hivi kwa kila shokapu. Mkia unaweza kuinuka kidogo sana, lakini springi zako ni zilezile na Hilux yako ni ya tani moja ileile.

Kifo chake ni cha ghafla. Sili ikipasuka, ule mgandamizo mkubwa unasukuma oili nje haraka, na unaweza kuondoka asubuhi ukiwa nayo na kurudi jioni huna. Na jiwe moja kubwa likibonyeza mwili wake linaweza kuizuia pistoni palepale, kwa kuwa ukuta wa nje ndio ukuta wa kazi. Angalia kama ina ngao ya mawe, na kama njia zako ni za mawe makali, iwekee.

Bei kwa kawaida ni mara mbili au zaidi ya ile ya oili. Miji mikubwa inazo. Kwingine utaagiza na kusubiri basi. Uhakika ni mzuri ukinunua kwa wakala anayejulikana. Mwenye barabara mbaya ndefu za kila wiki atairudisha hela yake kwenye tairi na muda. Mwenye lami ya mjini atalipia ugumu asioutaka.

Kujazia oili kwa fundi

Sitaipita bila kuitaja, maana wengi tumeipitia. Fundi anatoboa mrija wa nje, anamwaga oili, anachomelea tundu. Kwa ya oili tupu, kama rodi haijala kutu na fundi ameweka sili mpya na oili nyembamba ya haidroliki, inaweza kukuvusha msimu mmoja wa mavuno. Oili ya injini ni nzito mno. Gari litakuwa gumu asubuhi na kulegea mchana. Bila sili mpya unajaza pakacha. Hela yake ni ndogo kweli, na kwa gari lisilopatikana spea inaweza kuwa ndiyo njia pekee.

Kwa ya gesi, usiruhusu moto uiguse. Mwili wenye gesi iliyobanwa ukichomelewa au kukatwa kwa grinda unaweza kupasuka usoni mwa mtu. Hata kuunga jicho lililochanika kwa kuchomelea ni hatari hiyohiyo. Nimemzuia kijana mmoja akiwa ameshavaa miwani.

Kuifunga

Kazi yenyewe, kwa pikapu iliyoinuka, unaweza kuifanya bila hata kung'oa tairi. Spana namba 17 au 19, brashi ya waya, na oili ya kulegeza kutu iliyopuliziwa tangu usiku. Usiku huo ni muhimu: kwenye magari mengi nati ya juu imefungwa kwenye msumari uliochomelewa kwenye chesisi, na ukiulazimisha ukavunjika, umeongeza kazi ya kuchomelea chesisi juu ya kazi ya saa moja. Safisha uzi kwa brashi, geuza kidogo mbele, kidogo nyuma. Zuia tairi za mbele, na ukiinua gari weka stendi. Jeki peke yake isikushawishi uingie chini.

Angalia pia upande. Kwenye pikapu nyingi za springi za pleti shokapu moja huegemea mbele ya ekseli na nyingine nyuma, ili ekseli isijikunje ukikanyaga mafuta. Chora au piga picha kabla hujafungua.

Ya mirija miwili ipampu wima mara kadhaa kabla ya kuifunga, itoe hewa. Ya gesi funga juu kwanza, kisha ndipo ukate kamba. Na kaza nati za mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukikaza ekseli ikining'inia, raba ya bushi inafungwa ikiwa imejipinda, na uzito ukishuka inabaki imesokotwa maisha yake yote. Bushi mpya zinachanika mapema na unailaumu shokapu. Baada ya kilomita 100 hivi za barabara mbovu, zikague nati tena.

Kwa hali yako

Ukiwa mjini, lami na matuta, mzigo wa kawaida: jozi ya oili mpya inatosha, na hela inayobaki peleka kwenye bushi na ile raba ya juu ya ekseli.

Ukienda shamba umejaa na kurudi tupu, nusu lami nusu vumbi, kama sisi wa viazi: mimi hununua ya gesi ya mirija miwili. Mwenzangu wa njia hiyohiyo anafunga ya oili na kuibadilisha mara nyingi zaidi, na hesabu yake haina kasoro, kwa sababu anafanya kazi ya kuifunga mwenyewe.

Ukitembea changarawe saa nyingi kila siku, na gari likilala njiani unapoteza wateja: ya mrija mmoja, na ubebe moja ya akiba ya aina yoyote inayoingia, kwa sababu ya kile kifo chake cha ghafla.

Gari la zamani, pesa imebana, uko karibu na soko kubwa la spea: mtumba uliopimwa kwa mkono wako.

Umeongeza pleti au umeinua mkia: usinunue chochote kabla ya kupima. Tafuta ndefu inayolingana, au rudisha vishikio vya zamani.

Unanunua lori kubwa la springi za pleti na hukuti shokapu nyuma: usihofu. Malori mengi hayawekewi. Msuguano wa pleti nyingi zikisuguana ndio unaoituliza springi.

Na kama imekatika sasa hivi, uko njiani na duka liko mbali: ifungue kabisa uitoe, au angalau ifunge kwa waya mbali na ekseli. Kinachoning'inia kinaweza kuupiga mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Ukague mpira huo kwa kidole kabla ya kuwasha gari, punguza mzigo kama kuna wa kukusaidia, na shuka taratibu kwa gia.